Salamu za Kupanda na Kushuka

Chumba cha nyuma, juu ya kilima
3 Machi

Baba mpendwa,

Shikamoo. Naomba barua hii ikukute umeketi barazani, si umelala, kwa maana ukilala utaisoma kwa jicho moja kisha unilaumu kwamba sikuandika la maana. Mguu unaendeleaje? Mama hajambo? Mimi ni mzima, ila nimejaa hasira, na kwa kuwa hasira haihesabiwi kuwa ugonjwa, masomo yanaendelea vizuri.

Nimepanga chumba nyuma ya nyumba ya dobi wa hospitali. Dirisha langu linatazama kamba za kuanikia, hivyo kila niinuapo macho kutoka kitabuni nayaona mashuka yakinipungia. Nisikufiche: hao ndio wenyeji pekee walionikaribisha. Chuo kiko chini, ng'ambo ya reli, na kati ya chumba changu na chuo kuna mteremko mmoja mrefu ambao kila asubuhi naushuka kwa baiskeli ya mjomba, breki zikilia kama paka aliyekanyagwa mkia. Saa hiyohiyo wenzangu wa baiskeli wanaupanda kwenda kazini: wauguzi wa zamu ya asubuhi, fundi rangi mmoja mnene mwenye makopo yanayoning'inia pande zote mbili, mwalimu aliyefunga madaftari ya wanafunzi nyuma kwa mpira, na wengine ambao sijui wanafanya kazi gani.

Nawasalimu wote. Ndivyo ulivyonilea. Hakuna anayejibu, baba, hata mmoja. Wananitazama, wanakaza taya, wanapita. Huyo fundi rangi ndiye kinara wao: nilimwamkia kwa heshima zote, akanitolea macho kana kwamba nimemwomba figo.

Siwezi kulinyamazia jambo hili. Mji unaokataa salamu umekwisha kukataa mengine yote, ila haujatangaza tu. Mtu huanza kwa kumnyima mwenzake "njema", kisha humnyima kiti, kisha humnyima haki, na siku ya mwisho wote hushangaa mambo yameharibikia wapi. Yameharibikia mteremkoni, asubuhi, mbele ya macho yangu. Nimejiandikisha kuzungumza kwenye mdahalo wa chuo, na mada yangu ni "Kifo cha Salamu". Huku nako wameanza kuniita Kipaza kama mnavyoniita nyumbani. Na iwe hivyo.

Nasikia plasta imetolewa. Unarudi lini barabarani?

Binti yako,
Kipaza


Nyumbani
14 Machi

Mwanangu Kipaza,

Marahaba. Nimeisoma nimeketi, kwa macho yote mawili, kisha mama yako akaisoma tena kwa sauti yako, mikono hewani, mpaka jirani akauliza ni nani wanagombana. Sote wazima. Plasta imetoka kweli, na mguu nimeukuta palepale nilipouacha.

Sasa sikiliza. Acha kusalimia watu ukiwa juu ya baiskeli. Huo si ushauri, ni amri, na unajua amri zangu ni chache. Habari za ajali yangu ulizipata nusunusu, kwa hiyo nakupa kamili zikufundishe. Nilikuwa kwenye mzunguko wangu wa kusoma mita za maji, natoka kwa yule mwenye duka la vioo, nikapishana na Mzee Suti, mshonaji. Unamjua: huyo akikusalimu anaanza na wewe anamaliza na ukoo. Akasema habari za asubuhi, nikasema njema. Habari za nyumbani, njema. Hapo tumeshapishana, na mtu mwenye akili angeishia hapo. Akauliza, na watoto? Nikageuza shingo, maana kumjibu mtu mzima kwa kisogo ni kumtusi. Nikamjibu watoto. Akauliza mama watoto, nikajibu, shingo bado iko nyuma. Nami nikamuuliza kuhusu mguu wake wenye baridi yabisi, na ndipo nilipovunja wangu. Lori la mchanga lilikuwa limeegeshwa mbele yangu, limetulia, halina hatia yoyote. Mtaani wanasema mimi ndiye mtu wa kwanza kuvunjwa mguu na adabu.

Wacheke tu. Lakini nikishika usukani sasa hivi, shingo inakakamaa na mikono inatoka jasho. Nimeingia nyua za watu hawa miaka na miaka, najua mbwa wao kwa majina. Nikipita bila kusalimu nitakuwa mtu gani? Nikisalimu nitageuka, nikigeuka nitaanguka. Basi baiskeli nimeitundika ukutani sebuleni, mama yako anaifuta vumbi kama picha ya harusi. Mzee Suti naye akiniona anakata kona. Anadhani yeye ndiye aliyenivunja.

Mzunguko wangu wamempa mwenzangu wa kaunta, ambaye anasoma mita bila hata kupiga hodi. Bosi amesema nisipokuwa nimerudi kwenye baiskeli ifikapo mwisho wa Juni, nahamishiwa stoo moja kwa moja, nikae na mabomba na koki hadi nistaafu. Stoo haina dirisha. Haina malori pia.

Soma kwa bidii, na ushuke kilima kimyakimya.

Baba yako


Chumba cha nyuma, juu ya kilima
27 Machi

Baba mpendwa,

Shikamoo, na pole tena, sasa kwa ukamilifu wake. Naomba unisamehe pia kwa kuwa nilicheka. Nilicheka kwa heshima. Mama asiifute baiskeli hiyo, ichafuke, pengine itajisikia iko kazini. Amri yako nimeipokea, nimeiheshimu, na nimeivunja. Nisikilize kabla hujakunja uso.

Nilizungumza kwenye mdahalo. Nilisimama mbele ya ukumbi uliojaa hadi madirishani, nikaizika salamu kwa hoja, nikaisomea wasifu, nikawataja waliohusika na kifo chake. Walipiga meza. Walinizuia mlangoni kunishika mkono, na ndiyo sababu nilichelewa. Tangu nije huku nimekuwa nikirudi mapema alasiri, kilima kikiwa kitupu. Siku hiyo nikaanza kupanda saa ambayo watu wanatoka kazini.

Baba, kushuka si kupanda. Nilipofika nusu ya kilima nilikuwa natafuta hewa kwa mdomo, pua na masikio. Ndipo nikamwona fundi rangi anakuja kutoka juu kama upepo, makopo yanagongana, koti limejaa hewa. Akaniita kwa sauti ya mtu mwenye mapafu yaliyopumzika: "Marahaba, binti! Ya asubuhi hiyo." Akapita. Nyuma yake muuguzi: "Njema, dada, hiyo yako ya asubuhi." Nyuma yake mwalimu, ambaye alinijibu salamu za siku kadhaa kwa mkupuo, kama anayesahihisha madaftari.

Sikumjibu hata mmoja. Sikuweza. Niliwatolea macho, nikakaza taya, nikapita. Ndipo nilipofahamu sura niliyokuwa nayo.

Anayepanda hana pumzi ya kutoa. Kila asubuhi nilikuwa nawarushia maneno watu waliobaki na hewa ya kuishi tu, na kila jioni walikuwa wananitafuta wanipe majibu yangu, wakanikosa. Fundi rangi alinieleza baadaye kwamba alishaanza kudhani mimi ndiye mwenye kiburi: nasalimu, kisha sirudi kuchukua.

Nilirudi kwenye mdahalo wiki iliyofuata nikaibomoa hotuba yangu mwenyewe, na nakuambia bila kuona haya kwamba niliibomoa vizuri kuliko nilivyoijenga.

Sasa nimo katika utaratibu wa kilima. Anayeshuka ndiye anayesema. Anayepanda anasikia, anaweka moyoni, anajibu wakati wake wa kushuka. Maongezi ya dakika moja yanachukua siku nyingi, wala hakuna anayelalamika. Jioni fundi rangi aliniuliza kama wazazi wangu hawajambo. Asubuhi nikamjibu: mama mzima, baba alianguka baiskeli. Jioni: pole, amepona? Asubuhi: mguu umepona, shingo bado. Na hili ndilo ninalotaka ulisome kwa macho yote mawili: katika mazungumzo yote hayo, hakuna aliyegeuka nyuma. Hakuna haja. Neno lililobaki linamngoja mwenyewe.

Ondoa baiskeli ukutani, baba.

Binti yako,
Kipaza


Nyumbani
9 Aprili

Mwanangu,

Marahaba. Sisi wazima. Mama yako anakohoa kidogo tu, ni vumbi la baiskeli.

Ni nani aliyekupa ruhusa ya kumtangaza baba yako kwa mafundi rangi? Nimefanya kazi yangu maisha yangu yote bila kuwa habari. Sasa niko katika mji nisioujua, nimeanguka, na wauguzi wananipa pole.

Tena huo utaratibu wenu haufai huku. Huku ni tambarare, Kipaza. Kila mtu ana pumzi asubuhi, mchana na jioni, na kila mtu anataka jibu lake papo hapo. Nikimwambia Mzee Suti asubiri jioni, atadhani nimemnunia, na mkewe atamwambia mama yako, na mama yako ataniambia mimi.

Nimekwenda kuiona stoo. Kuna kiti.

Baba yako


Chumba cha nyuma, juu ya kilima
21 Aprili

Baba mpendwa,

Shikamoo. Mama apone kikohozi, na wewe upone kiti.

Ndiyo, kiti. Nimeyasoma maneno yako hayo mawili ya mwisho mara nyingi kuliko kitabu chochote muhula huu. Mtu aliyeng'atwa na mbwa wa mwenye karakana na mwezi uliofuata akarudi kusoma mita hiyohiyo, mbwa yuleyule akiwepo, leo ananiandikia kwamba kuna kiti. Mtu aliyepiga magoti mvuani, akafunua kifuniko cha chuma, akafuta kioo kwa shati lake ili mjane asidaiwe maji ambayo hakuyatumia, leo amevutiwa na kiti.

Nakataa. Nakataa kwa adabu zote za mtoto kwa mzazi, lakini nakataa. Mguu wako ulivunjwa na lori, daktari akautengeneza. Shingo yako haijavunjwa na chochote, na hiyo ndiyo unayoiachia itawale nyumba nzima. Umewahi kubishana na kila bosi aliyepita katika idara ile. Huyu bosi mpya anayekaa shingoni ulimpigia kura lini?

Unasema huko ni tambarare. Basi utaratibu utaanzishwa kama taratibu zote zilivyoanzishwa: mtu mmoja aliona, akasema, akachekwa, akaendelea. Au unadhani kilima chetu kilizaliwa na kanuni zake? Kuna aliyekuwa wa kwanza kukosa pumzi, na akarudi jioni kutafuta mtu wa kumjibu.

Nami siwezi tena kuwazuia watu wa huku. Nilimwambia fundi rangi tu, yeye akamwambia muuguzi, muuguzi akalieneza wodini. Sasa wananiuliza watu nisiowafahamu, watu wenye kofia ngumu za ujenzi, mama mmoja mwenye kikapu cha maua mbele, wote swali moja: mzee amepanda? Jibu langu kila asubuhi ni "bado". Nalitoa neno hilo nikiwa nashuka, baba, na bado linanimalizia pumzi.

Kama nimevuka mpaka, nikaripie. Lakini unikaripie ukiwa umepanda.

Binti yako,
Kipaza


Chumba cha nyuma, juu ya kilima
26 Mei

Baba mpendwa,

Shikamoo. U mzima? Nauliza kwa sababu hujaandika, nami nimeanza kumsalimu mleta barua kama mdeni wangu. Nikipiga simu anapokea mama, anasema mnaendelea vizuri, kisha anacheka na kukata. Sielewi kicheko hicho. Nimekikagua kwa kila nadharia niliyofundishwa.

Juni ndiyo hii inaingia. Sitaandika tena hoja; nilizonazo umekwisha kuzisikia. Nitakupa tu maneno ya fundi rangi, kwa kuwa nilimwambia asubuhi kwamba umeacha kunijibu na kwamba nadhani nimekuvunjia heshima. Alikaa nayo kutwa nzima huko kazini. Jioni akashuka akaniambia: "Mwache kwanza. Huenda yuko kwenye mpando."

Nami nikaliweka moyoni. Nilikuwa napanda.

Binti yako


Nyumbani
30 Juni

Mwanangu Kipaza,

Marahaba, marahaba, na marahaba nyingine ya akiba. Mimi mzima, mama yako mzima, kikohozi kimekwisha. Keti chini ndipo uendelee.

Nilinyamaza kwa sababu barua yako iliniuma, na nilipotaka kukukaripia nikakuta umeweka sharti. Nikaenda ukutani nikaitungua baiskeli. Niliikokota hadi kona, nikairudisha nikiikokota. Mama yako alikuwa anapiga pasi, akauliza kama naogopa lori au naogopa watu. Nikamwambia naogopa shingo.

Akachomoa pasi. "Basi shingo nitakuwa mimi," akasema.

Akavaa viatu, akakaa kwenye keria kiupande, uso umeelekea tulikotoka, mkono mmoja umenishika mkanda. Ndiyo tukaenda. Mimi nasalimu walio mbele, yeye anamalizia na waliobaki nyuma. Mimi nasema habari za jioni, yeye anachukua watoto, kazi, mgonjwa, na yule aliyesafiri. Watu walitoka madukani kututazama. Muuza magazeti akasema naona baiskeli ya maji imefungwa kioo cha nyuma, mama yako akamjibu kwamba kioo kinaona tu, yeye anasema. Tulikwenda hivyo jioni baada ya jioni, na mimi nikamkataza asikuambie. Ndicho hicho kicheko chako cha kwenye simu.

Lakini idara haimpeleki mtu kazini na mkewe kwenye keria, na mwisho wa Juni ulishafika mlangoni. Nilikwenda kwa bosi nikamwambia niko tayari. Akanitazama mguu, akasema nifanye mzunguko mzima, peke yangu, naye atanifuata na pikapu ya ofisi. Nikiyumba tu, stoo.

Nikatoka asubuhi. Jasho mikononi, pikapu inanguruma nyuma kama ng'ombe mwenye njaa. Mtu wa kwanza alikuwa mwenye duka la vioo. Habari za asubuhi, njema, habari za nyumbani, njema. Tukapishana. Akaniita, na watoto? Kipaza, niliisikia shingo inaanza kwenda. Nikatazama mbele, nikasema kwa sauti ya kusomea mita, "Ya watoto nakuletea nikirudi." Nikadhani nimemtukana mtu. Kisha nikamsikia anacheka, anamwambia mkewe, "Anasema ataileta."

Basi nikaenda hivyo mtaa mzima. Hii nikirudi, hiyo mchana, ile ya mama mkwe kesho. Nilishuka, nikapiga magoti, nikafunua vifuniko, nikafuta vioo, nikapanda tena. Mbwa wa karakana alinipokea kama ndugu aliyetoka ng'ambo. Wapo walionishangaa, na mama mmoja akauliza kama nimeanza kukopa salamu. Lakini kufika katikati ya mzunguko watu walikuwa wameshaelewa, wananipa swali mapema ili niwe na muda nalo.

Mzee Suti alikuwa nje ya banda lake, mkanda wa kupimia shingoni. Aliponiona akaanza kuingia uchochoroni. Nikampigia kengele. "Fundi," nikamwambia, "habari za tangu siku ile? Jibu nitalipitia." Nikampita nikiwa nimenyooka kama msumari. Sikumwona uso. Hilo ndilo lililoniumiza njia nzima.

Niliporudi mchana nikamkuta barabarani. Alikuwa amefunga banda, amevaa koti lake la suti katika joto lile, na amewapanga wajukuu wake wote kando ya barabara kwa urefu, kuanzia aliye mbali, mmoja mmoja mpaka kwake, ili jibu nilione kwa mbele nisilazimike kugeuka. Kila niliyempita aliniamkia. Ilipofika zamu yake aliinua tu mkono, na mimi nikainua wangu, yaani nikaachia usukani upande mmoja, bosi akiwa nyuma anaona. Sikuyumba.

Ofisini bosi alishuka kwenye pikapu. Akasema njia nzima watu wamemsalimu na yeye, na tangu apewe gari hajawahi kusalimiwa. Kisha akasema mzunguko ni wangu, na yule mwenzangu wa kaunta amekwisha kuomba kurudi kaunta. Anasema mita ziko chini mno.

Sasa nimepanda, kwa hiyo nakukaripia: usimfokee tena baba yako kwa Kiswahili kizuri namna ile. Mtu anashindwa hata kukasirika vizuri.

Waambie hao watu wako wa kilima.

Baba yako


Chumba cha nyuma, juu ya kilima
8 Julai

Baba yangu,

Shikamoo, msoma mita. Shikamoo, mama shingo. Nyote hamjambo, hilo siulizi. Nimeisoma barua nzima nikiwa nimesimama, kwa kuwa nilishindwa kutii ile amri ya kuketi. Mke wa dobi alikuja kugonga akiuliza ni nani amefariki. Nikamwambia hakuna, kuna mtu amerudi kazini. Akaniuliza kama ni lazima nilie kwa sauti ya hotuba. Nikamwambia ni lazima.

Sasa nipe nafasi nikueleze siku ya jana yote, kwa sababu ni yako.

Nilitoka mapema. Nilisimama pale juu, mguu mmoja chini, nikangoja mpaka nilipowaona wote wameingia kilimani: makopo ya fundi rangi yanameta huko chini, nyuma yake wauguzi, mwalimu, kofia za ujenzi, yule mama wa kikapu cha maua. Nikaachia breki. Nimehutubia kumbi, baba, nimehutubia juu ya meza na mara moja juu ya pipa, lakini sijawahi kupata jukwaa kama lile, linalokwenda kasi namna ile, na wasikilizaji wasio na uwezo wa kunikatiza.

"Amepanda," nikawaambia. "Baba amepanda." Kwa kila mmoja nilirudia, kwa jina la kazi yake, na nilipompita mmoja nilikuwa nimeshafika kwa mwingine. Mzunguko mzima, peke yake, mkono mmoja hewani. Hawakunijibu, ni dhahiri. Walikuwa kwenye mkazo. Lakini niliziona nyuso. Muuguzi aliinua kidole kutoka kwenye usukani. Mwalimu alipiga kengele mpaka nikamwacha mbali nikiisikia. Fundi rangi alifanya jambo ambalo kanuni za kilima haziliruhusu: alishuka kwenye baiskeli, katikati ya mpando, akasimama pembeni na makopo yake kama mtu anayepisha msafara wa mkubwa. Msafara ulikuwa mimi, na mkubwa alikuwa wewe.

Darasani sikusikia kitu kutwa nzima. Mhadhiri aliniuliza maoni yangu juu ya mada, nikasema sina, na ukumbi ukageuka kunitazama kwa wasiwasi.

Jioni nikaanza kupanda. Wakaja. Baba, walikuja kutoka juu wakiwa mstari mmoja, jambo ambalo hawafanyi, kila mmoja hutoka kwa saa yake. Safari hii walikuwa wamengojana. Na kila aliyenifikia alinitupia la kwake akipita. Mpe hongera. Mwambie asikaze sana nati za mbele. Mwambie wodi nzima imefurahi. Mwambie na mimi niliwahi kuliingia lori. Watu ambao hutawaona maisha yako yote, ambao hawajui jina lako wala mji wako, walikuwa wanapita kando yangu na furaha yako mdomoni, nami nikaupanda mpando ule bila kujua kwamba naupanda.

Fundi rangi alikuwa wa mwisho. Nilidhani atanipa hongera kubwa kuliko zote, nikajiandaa. Lakini yeye ni mtu wa salamu, na kwake hilo la baba lilikuwa limekwisha jibiwa na kufungwa. Akaniuliza: "Na mama, hajambo?"

Kwa kanuni ningelibeba swali hilo hadi asubuhi. Nilikuwa mahali pakali kuliko pote, pale ambapo tangu Machi sijawahi kutoa hata mguno. Nikavuta hewa yote iliyokuwa kilimani.

"Hajambo kabisa," nikamwambia, hapohapo, nikiwa napanda.

Alishtuka akakaribia kugeuka.

Binti yenu,
Kipaza